Harusi Siyu, jamaa Muscat: turushe kwa laini ya simu, kwa dishi, au turekodi kwanza?

Harusi ikiwa mjini Lamu penyewe, Mkomani au Langoni, kuirusha mbashara si kazi ya kumkosesha mtu usingizi. Mnara uko karibu, nyumba za wageni zina waifai, na ukikwama utampata wa kukuazima kifaa. Kizungumkuti huanza pale akdi, yaani kufungwa kwa ndoa yenyewe, inapokuwa vijijini kama Matondoni, Kipungani, Siyu, Faza au Kizingitini, ambako simu yaweza kuonyesha mtandao mzuri asubuhi na usiku ikabaki kuzunguka tu. Huku ami yuko Muscat, khalati yuko London, kaka mkubwa yuko Toronto, na wote wameshauliza kwenye kundi la familia: "Tutaionaje?" Tangu masharti ya korona yalipobana idadi ya waalikwa mwaka 2020, watu wamezoea kuhudhuria kwa simu. Siku hizi asiyetumiwa linki huona kama hakualikwa.

Njia zinazotumika ni nne: laini moja ya simu, laini za mitandao tofauti zilizounganishwa, dishi la setilaiti, na kurekodi kisha kupandisha baadaye. Kila moja nimeiona ikifaa mahali na ikishindwa mahali. Kwa hiyo nitazipima kwa vigezo vilevile, nawe utachukua inayokaa na harusi yenu.

Kabla ya kifaa, chagua tukio

Harusi ya kwetu si shughuli moja. Kuna akdi, kuna kirumbizi na ngoma za wanaume, kuna vugo la wanawake, kuna kesha, kuna kupamba, kuna walima. Anayetaka "harusi yote mbashara" anadai siku kadhaa za mtandao ambao haujawahi kutulia hata jioni moja. Waulize wenyewe: ni dakika zipi ambazo mtu wa Muscat akionyeshwa kesho yake atasononeka kwamba hakuwapo? Jibu karibu kila mara ni akdi: khutba, walii anapomwozesha bi harusi, bwana harusi anapoitikia "nimekubali", kisha dua. Hayo yote hutimia ndani ya nusu saa au pungufu. Kirumbizi hakipungui utamu kikitazamwa kesho, wala pilau ya walima.

Nusu saa hiyo hubadilisha hesabu yote. Mtandao usioweza kubeba saa tano za picha safi huenda ukabeba dakika 30 za picha ya wastani, na fedha ambazo zingemalizwa na siku nzima ya mitambo zinaweza kununua uhakika wa nusu saa.

Kupamba ni habari nyingine kabisa. Pale wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, na wamekuja wakijua kwamba macho yote yaliyomo ni ya wanawake wenzao. Simu hukusanywa mlangoni kwa sababu hiyo. Kukiweka kipindi hicho kwenye Facebook, au hata kwenye linki ya siri inayoweza kupelekwa kwa mwingine kwa kugusa mara moja, ni kuvunja ahadi mliyowapa wageni wenu. Hata Zoom yenye chumba cha kusubiri, ambamo mwenyeji humruhusu mmoja mmoja, haimzuii mtu wa upande wa pili kurekodi kioo chake, wala haimwondoi shemeji aliyekaa nyuma ya sofa. Rai yangu ni kutokurusha kupamba mbashara hata kidogo. Mpiga video awe mwanamke, kadi ya kumbukumbu ibaki kwa mamake bi harusi, na jamaa wa ng'ambo wasubiri wafike au wapelekewe na mtu wanayemwamini.

Jambo jingine la kumaliza mapema ni walii aliye ng'ambo. Wapo wanaodhani babake bi harusi anaweza kumwozesha binti yake kwa video kutoka Jeddah na mambo yakaisha. Baraza la Kimataifa la Fikihi lilipokaa Jeddah mwaka 1990 na kuruhusu mikataba kwa vyombo vya mawasiliano, liliitoa ndoa kwa sababu ya sharti la mashahidi. Mwendeeni kadhi au sheikh atakayeozesha kabla ya siku. Kwa kawaida walii humweka mtu aliyepo pale awe wakili wake, na yeye mwenyewe akabaki mtazamaji. Mkipanga hivyo, mtandao ukikatika katikati ya "nimekuoza" hakuna kinachoharibika ila picha.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni kasi ya kupandisha. Wengi hupima mtandao, wakaona megabiti 20 kwa sekunde, wakafurahi, kumbe hiyo ni kasi ya kushusha, ile ya kutazama video za wengine. Kurusha hutumia kasi ya kupandisha, ambayo mara nyingi huwa ndogo zaidi, hasa unapokuwa mbali na mnara. Picha ya pikseli 480 hutosheka na kama megabiti 1 kwa sekunde. Ya pikseli 720 hutaka kati ya 2.5 na 4. Kwa bando, megabiti 1 kwa sekunde hula kama megabaiti 450 kwa saa, 2.5 hula gigabaiti 1.1 hivi, na 4 hula gigabaiti 1.8.

Cha pili ni uthabiti, na kwangu hiki kinapita kasi. Megabiti 1 isiyoyumba ni bora kuliko 8 zinazoshuka hadi sufuri kila dakika ya tano. Pima palepale atakapokaa kadhi, saa ileile ya akdi, na ikiwezekana siku ileile ya wiki, kwa sababu mnara mmoja uliotulia saa nne asubuhi huelemewa baada ya Isha kijiji kizima kinapokuwa mtandaoni. Chukua kipimo kibaya kabisa ulichopata, kigawe kwa mbili, na nusu hiyo ndiyo iwe kasi ya kurushia. Usisahau kwamba siku yenyewe waalikwa nao watakuwa wakipandisha picha zao kwenye mnara huohuo.

Vingine ni vyepesi kueleza: stima na mzigo, kwa kuwa kila kitu kitapanda boti na pengine punda, fedha, mtu wa kuendesha mitambo, na faragha, yaani nani anaweza kuingia na nani anabaki na nakala.

Laini moja ya simu

*Mtandao.* Hapa unategemea mnara mmoja na kampuni moja, iwe Safaricom au Airtel. Karibu na mnara, mchana, njia hii inatosha kabisa kwa akdi. Adui mkubwa ni ukuta. Nyumba za mawe za Siyu na Pate zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nene ambazo hunyonya mawimbi hata kama nje mtandao umejaa. Dawa yake ni kutenganisha simu inayopiga picha na kifaa kinachopokea mtandao. Kifaa kidogo cha waifai chenye laini yake kiwekwe juu darini au kwenye mlingoti, upande unaoelekea mnara, nayo simu ya kamera ibaki ndani karibu na kadhi ikipokea waifai. Nyumba ya makuti haina taabu hiyo.

Programu ya kurushia nayo ina uzito wake. WhatsApp hupokea watu 32 kwenye simu moja ya video na hujishusha ubora yenyewe mtandao unapodhoofika, ndiyo maana hustahimili pale ambapo nyingine zimeganda. Zoom ya bure huchukua watu 100 lakini hukata dakika 40 zikitimia. Akdi inaingia humo, ila msifungue linki kadhi akiwa bado yuko njiani. YouTube hubeba watu wengi upendavyo, lakini akaunti ambayo haijawahi kurusha huweza kusubiri hadi saa 24 kabla ya kuruhusiwa, na ukitaka kurusha moja kwa moja kutoka kwenye simu unahitaji kwanza wafuasi 50. Kulijua hilo asubuhi ya harusi ni kuchelewa.

*Stima na mzigo.* Simu, stendi, kipaza sauti cha waya na pawabanki, vyote mkoba mmoja. Jihadhari na joto: simu inayorusha huku ikichajiwa juani huweza kujizima.

*Fedha.* Bando tu, na kipaza sauti ukitaka. Kinunue. Jamaa watavumilia picha yenye ukungu, lakini wasipomsikia bwana harusi akiitikia, wataona hawakuhudhuria.

*Mtu.* Kijana yeyote mwelewa, mradi asiwe kaka wa bwana harusi anayehitajika kila mahali. Azuie simu zinazoingia, maana mtu mmoja akipiga kuuliza "mmeanza?" anaweza kuyakata matangazo.

*Faragha.* WhatsApp na Zoom ndizo salama zaidi hapa, kwa kuwa unaona majina ya walioingia. Linki ya YouTube isiyoorodheshwa huzuia wapita njia tu. Aliyenayo anaweza kumpa mwingine.

Inazifaa familia ndogo, jamaa wasiozidi 30, na mahali palipopimwa pakaonekana panabeba megabiti 2 bila kuyumba. Mtandao ukiwa duni kuliko hapo, rushieni sauti peke yake. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula kama megabaiti 29 kwa saa nzima na hupenya pale ambapo picha haiwezi. Wazee wengi hufumba macho wakisikiliza khutba hata hivyo.

Laini za mitandao tofauti, zimeunganishwa

*Mtandao.* Wazo ni kugawa matangazo vipande vipande na kuvipitisha Safaricom na Airtel kwa wakati mmoja, kisha viunganishwe upande wa pili. Laini moja ikizama, nyingine hushika. Zipo programu za simu na kompyuta zifanyazo hivyo, kama Speedify, na vipo vifaa maalumu vya wapiga habari, kama vya LiveU, vinavyobeba laini kadhaa pamoja.

Kuna mambo mawili wauzaji hawayataji. La kwanza: simu ya laini mbili haitumii data ya laini zote mbili kwa pamoja, huchagua moja. Kwa hiyo utahitaji kifaa cha waifai chenye laini ya kampuni moja, na simu yenye laini ya kampuni nyingine. La pili ni zito zaidi. Makampuni mara nyingi hupanga kwenye mnara mmoja. Ikiwa mnara ulio karibu na Faza ndio unaowabeba wote, na stima yake au njia yake ya kurudi bara ikakatika, laini zako tatu zitazima kama taa za nyumba moja. Kabla ya kulipia mitambo, zunguka na simu za mitandao tofauti uone kama zinapungua na kuongezeka pamoja. Zikienda pamoja, hapo hujaongeza usalama wowote. Zikipishana, umepata dhahabu.

Picha itachelewa sekunde kadhaa kuwafikia watazamaji. Kwa kutazama hakuna ubaya. Kwa mazungumzo ya pande mbili huudhi.

*Stima na mzigo.* Ukitumia programu, ni kompyuta ya mkononi pamoja na vifaa viwili vitatu vya waifai. Ukikodi mitambo ya kweli, kuna begi zito, betri zake na kebo.

*Fedha.* Bando mara mbili au tatu, na programu ya kulipia. Mitambo ya wapiga habari pamoja na fundi wake kutoka Mombasa ni gharama ya harusi kubwa, ukihesabu na nauli na malazi yake.

*Mtu.* Hapa kijana mwelewa hatoshi. Anatakiwa mtu aliyewahi kuendesha programu za kurushia matangazo kama OBS au vMix, anayejua kuweka kasi ipungue yenyewe mtandao unapobanwa, na ambaye hatababaika kitu kikigoma mbele ya wazee.

*Faragha.* Ni kama ya njia ya kwanza, ila mpiga picha wa kukodiwa hubaki na nakala kwenye kompyuta yake. Andikianeni mapema lini ataifuta.

Inawafaa walio na mnara zaidi ya mmoja wa kukamata, kama upande wa Matondoni ambako ukipanda juu unaweza kuokota mawimbi ya mjini, na wenye watazamaji wengi kiasi kwamba kukatika kutakuwa fedheha.

Dishi la setilaiti

*Mtandao.* Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na visiwani imebadilisha mazungumzo. Setilaiti zake hupita kama kilomita 550 juu yetu, si zile za zamani zilizokaa karibu kilomita 36,000, kwa hiyo hata mazungumzo ya Zoom hayana ule uchelewaji wa kuudhi. Mbingu ikiwa wazi, kasi ya kupandisha mara nyingi hutosha kwa picha ya pikseli 720 na ziada ikabaki. Haijali mnara uko wapi wala waalikwa ni wangapi.

Inachojali ni anga. Mnazi mmoja au mwembe wa uani unatosha kuyakata matangazo sekunde chache kila baada ya muda, na sekunde hizo zina mazoea ya kuangukia pabaya. Programu yake ya simu hukuwezesha kuzungusha kamera angani ikakuonyesha vizuizi. Fanya hivyo siku moja kabla, na dishi liende darini au ufukweni kuliko uani. Mvua kubwa pia huudhoofisha mtandao wake, jambo la kukumbuka kwa harusi za Aprili na Mei. Tena usidanganyike kwamba mbinguni hakuna hitilafu: tarehe 24 Julai 2025 Starlink ilizima sehemu nyingi za dunia kwa takriban saa mbili na nusu. Nyaya za baharini, zinazoileta intaneti ya minara, nazo zina siku zao. Mwezi Mei 2024 zilipokatika kusini, Afrika Mashariki nzima ililalamika.

Ukiazima dishi, uliza limesajiliwa kwa mpango gani. Mpango wa nyumbani hufungwa na mahali palipoandikishwa, na ukilipeleka kisiwa kingine linaweza kugoma. Unataka mpango wa kuhamahama. Hilo limewaangusha watu waliobeba dishi la hoteli kwa nia njema.

(Wenzetu wa Malindi wana haki ya kutabasamu hapa. Kule Ngomeni setilaiti zilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia baharini tangu 1967, mojawapo ikiitwa Uhuru, iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970. Nusu karne baadaye ndipo akdi za kijiji jirani zikapata njia ya kupitia huko juu.)

*Stima na mzigo.* Hapa ndipo hesabu inapotakiwa. Dishi la kawaida hula wati 75 hadi 100, na lile dogo liitwalo Mini hula 25 hadi 40. Betri ya gari ya volti 12 na saa-ampea 50 ina kama wati-saa 600. Ukitumia nusu tu ili usiiue, Mini itaishi saa saba hivi na la kawaida kama tatu. Jenereta pia yafaa, ila iwekwe mbali, isije kumeza sauti ya kadhi. Mini lina uzito wa kilo moja na kidogo na huingia kwenye begi la shule. La kawaida ni kubwa zaidi, na kupandishwa kwenye boti yenye mawimbi ya kusi hutaka plastiki na mtu wa kulikumbatia.

*Fedha.* Kulinunua kwa harusi moja ni ubadhirifu, isipokuwa familia, madrasa au zahanati itabaki nalo. Watu wa mtaa wakichanga, dishi moja huhudumia harusi za msimu mzima. Kulikodi kwa siku ni nafuu, mkikubaliana nani atalipa likianguka.

*Mtu.* Kuliwasha ni rahisi, kulipatia mahali ndiyo kazi. Mtu wa njia ya kwanza anaweza kulimudu akipewa siku moja ya kujaribu.

*Faragha.* Dishi ni njia ya kupita tu, programu unayorushia ndiyo inayoamua nani anaona. Badilisha nenosiri la waifai, vinginevyo vijana wote wa baraza watakuwa juu yake kabla khutba haijaanza.

Linazifaa Kizingitini, Ndau, Kiunga na vijiji vya ndani ambako mnara ni wa kubahatisha, palipo na anga wazi na betri ya uhakika.

Rekodi kwanza, pandisha baadaye

*Mtandao.* Njia hii hudharauliwa, lakini ndiyo pekee ambayo mtandao mbovu hauwezi kuiharibu. Unarekodi kwa ubora kamili kwenye kadi, ukichukua sauti pembeni kwa kinasa cha pili. Akdi ikiisha unakata dakika 8 zenye maana na kuzibana kwa kasi ya megabiti 2.5. Hiyo ni faili ya megabaiti 150 hivi. Hata mtandao wa nusu megabiti tu kwa sekunde utaipandisha kwa dakika 40, yaani kabla kahawa na halua hazijamaliza mzunguko wa pili, jamaa wa Muscat wanatazama. Hawakuona papo hapo, lakini wameona bila kuganda. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama video, isipunguzwe ubora. Hati huweza kufika gigabaiti 2.

Wanaotaka hisia ya kutazama pamoja, YouTube ina uzinduzi wa saa maalumu: faili hupandishwa kimyakimya, linki hupangiwa muda, na wote huingia kwa pamoja wakiandikiana pongezi. Wengine hawatajua kama si mbashara, nawe huna haja ya kuwaficha.

Kama kijijini hakuna mtandao hata wa nusu megabiti, kadi husafiri. Hapo bahari ndiyo hupanga ratiba. Boti za Pate hupita mkondo wa Mkanda maji yakijaa, na ukikosa maji ya jioni, video italala Siyu mpaka kesho.

*Stima na mzigo.* Ndogo kuliko zote: kamera, betri za akiba, kadi mbili.

*Fedha.* Unalipa mpiga video ambaye ungemlipa hata hivyo, na nauli ya mbeba kadi.

*Mtu.* Mhariri mwepesi wa kukata palepale. Wengi ni hodari wa kuhariri kwa wiki tatu, wachache kwa dakika ishirini.

*Faragha.* Hakuna inayoizidi. Wenyewe huona kwanza, huondoa wasiotaka kuonekana, ndipo hutoa.

Udhaifu wake hauzibiki: babu aliye kitandani Jeddah anayetaka kuitikia "amin" pamoja na waliohudhuria hatapata hilo. Inawafaa wasio na wa namna hiyo, na wanaojali kumbukumbu kuliko papo kwa papo.

Mambo yanayohusu njia zote

Muziki wa kurekodiwa unaopigwa kwenye spika, iwe taarabu au kaswida, hutambuliwa na mitambo ya YouTube na Facebook, na matangazo huweza kunyamazishwa au kukatwa. Zimeni spika akdi inaporushwa. Vugo linalopigwa palepale kwa kawaida halina kesi.

Saa nayo huleta mkanganyiko. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja. London iko nyuma kwa saa mbili majira yao ya joto na tatu majira ya baridi. Mtoto aliyezaliwa Toronto akisoma "saa kumi na nusu" ataamka usiku bure, kwa hiyo kwenye linki andika muda wa kila mji kwa saa yake, na chini yake "baada ya Alasiri, Lamu" kwa ajili ya wazee.

Na kila njia ya mbashara irekodiwe pia kwenye kifaa chenyewe. Kadi ni bei ndogo.

Hali yako ni ipi?

Akdi ni mchana, msikiti uko karibu na mnara, na jamaa wa ng'ambo hawafiki 30: laini moja, WhatsApp, kipaza sauti cha waya, kifaa cha waifai darini. Usiongeze kitu.

Jamaa ni mamia, mahali panakamata mitandao miwili inayopishana: unganisha laini na umlipe anayejua. Mitandao ikiwa inakufa pamoja, fedha hiyohiyo ipeleke kwenye dishi.

Mnara hauaminiki lakini anga ni wazi: dishi dogo, betri iliyojazwa na laini ya simu pembeni. Tangazeni mapema kwamba dishi likikwama kwa mvua, mtahamia sauti ya WhatsApp, na linki ya pili iwe imeshatumwa.

Walii au mzazi yuko ng'ambo na lazima asikike, si kuona tu: chagueni njia ya pande mbili, Zoom au WhatsApp, si YouTube, na uwakilishi uwe umeandikwa kwa kadhi kabla ya siku. Mpeni nafasi ya kuzungumza baada ya dua, si katikati ya akdi.

Akdi ni baada ya Isha, kijijini, stima ya kubahatisha, hakuna dishi: rekodini, mkate dakika 8, mpandishe saa sita usiku mnara ukiwa umetulia. Muscat wataamka wakiikuta.

Harusi ni wiki hii na hakuna lililopangwa: mtume mtu leo, saa ya akdi, akapime kasi ya kupandisha mahali hasa atakapokaa kadhi. Ikishuka chini ya megabiti 2, msitume linki ya video kwa mtu yeyote. Waambieni ni sauti, na video itafuata na boti ya kesho.